Mfuko wa Makaa ya Pangoni

Bahari nimeishika kwa kijiko. Kuiona sijaiona mpaka leo, lakini mchanga wake nimeupima, makombe yake nimeyatenga makubwa kwa madogo, na harufu yake ya chumvi iliyolala siku nyingi ndani ya kasha ninaijua kama ninavyoijua harufu ya pasi ya Baba. Hayo yote niliyafanya hapahapa Élisabethville, ndani ya kibanda cha matofali chenye dirisha moja, mlango umefungwa kwa kufuli kutoka nje. Na ndani ya kibanda hicho nilifanya kosa ambalo nusura limfukuzishe kaka yangu mjini.

Kufuli aliitaka Baba mwenyewe.

Baba ni fundi wa nguo. Wazee wake walitoka Maniema, naye husema kwamba alikuja Katanga na cherehani moja kichwani, ingawa Mama huongeza kwamba kichwa chenyewe kilikuwa cha Mama. Siku moja gari lilisimama mbele ya lupango yetu, kiwanja chetu cha kuishi kule cité, mtaa wa Waafrika, akashuka mzungu mrefu mwenye magoti yaliyochubuka kama ya mtoto. Hakutaka suruali wala koti. Alitaka mifuko midogo ya kuenea kiganjani, ya amerikani nyeupe isiyotiwa rangi, yenye mshono uliokunjwa mara mbili ili hata vumbi lisivuje. Baba aliipokea kazi kwa heshima zote. Gari lilipoondoka alicheka mpaka akavua miwani.

"Nimeshonea mapadri, nimeshonea mapolisi," akasema. "Leo minashonea udongo nguo!"

Mzungu yule alikuwa amefanya kazi ya mawe migodini miaka mingi, kisha akaiacha afuate jambo moja lililomnyima raha. Mbali sana, kule inakoishia treni ya magharibi baada ya kuvuka nchi yote ya Wareno, kuna mapango karibu na bahari. Humo waliishi watu wa zamani wasiojua jembe wala chuma. Waliwinda, walichimba mizizi, waliokota makombe ufukoni wakayala. Yeye alitaka kujua: lini? Basi kila mwaka baada ya Pasaka alipanda treni na wanaume wachache, akaenda kuchimba, akarudi baridi inapoanza na makasha ya udongo. Watu wake walimwita bwana wa udongo, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuutia udongo mdomoni na kuusaga taratibu kwa meno ya mbele, akajua kama ni mchanga, tope au majivu. Madame, mkewe, alikuwa akigeuza uso. "Ndiyo maana mi sijisumbue kupika muzuri," aliniambia siku moja. "Kwa nani?"

Mkubwa wa wale wanaume alikuwa kaka yangu, yaya wangu kama tunavyosema huku. Alianza kwa kupakia makasha. Baadaye bwana akagundua kwamba mkono wake una akili. Yaya alisema akipitisha mwiko wake wa mwashi juu ya udongo anasikia pale tabaka moja linapoisha na jingine linapoanza, "sawa vile weye unasikia sindano ikitoka kwa kitambaa moja, inaingia kwa ingine." Hapo nilimwelewa.

Mimi nilisoma miaka minne kwa masista, mpaka Baba aliponisikia nikiimba nyimbo zao jikoni akaniondoa. Lakini mwandiko ulibaki. Bwana alipoona karatasi ndogo niliyobandika kwenye furushi la mifuko, yenye herufi zilizokaa wima, alikuja kumwomba Baba nimfanyie kazi. Alihitaji mtu wa kuchambua vitu vya makasha na kuviandikia vijikaratasi. Baba alikunja uso.

"Mutoto yangu hawezi kuketi na banaume."

"Atakaa peke yake," bwana akasema.

"Na mulango?"

"Mulango nitafunga na kufuli. Mi pia sipendi upepo iingie, inachanganya mchanga yangu."

Wakakubaliana haraka sana, wakapeana mikono juu ya kichwa changu, kila mmoja akidhani amemshinda mwenzake. Ufunguo alipewa Madame, akauweka kwenye mfuko wa aproni. Alinifungulia saa sita na saa kumi. Katikati ya hapo dunia yangu ilikuwa meza, taa, kibanio, chekeche, na dirisha lisilofunguka. Nje niliona kipande cha ukuta na tawi moja la jakaranda. Ndege alipotua juu ya tawi hilo niliacha kazi nikamtazama, maana hakuwa na haraka na hakuwa na kufuli.

Msinihurumie sana. Nilikuwa na furaha ya kipumbavu. Kila kijiko cha mchanga kilikuwa na kitu: mfupa wa samaki mwembamba kama kucha, jino la swala, kombe lililotobolewa tundu. Lile lenye tundu lilinikosesha usingizi. Kwa nini mtu atoboe kombe kama si kulivaa? Nikamwona msichana wa rika langu amekaa mlangoni mwa pango, anatunga makombe yake, mbele yake maji mpaka macho yanapochoka. Nikamwonea wivu kwamba mlango wake haukuwa wa kufungwa.

Kazi yenyewe Yaya alinieleza nyumbani, kwenye meza ya kukatia nguo. Alichukua vitambaa vya Baba akavipanga kimoja juu ya kingine.

"Ya chini kabisa njo iliyowekwa kwanza," akasema. "Tumeelewana? Hii ya kijivu ni kokoto za mviringo. Bahari ilileta. Zamani maji ilikuwa juu, iliingia mpaka ndani ya pango. Kisha maji ikarudi nyuma. Hii nyekundu ni udongo, upepo ilileta. Juu ya nyekundu, angalia sasa, bantu banaingia. Banawasha moto. Moto ya kwanza." Kwetu bantu ni watu tu, watu wowote.

"Na hii?" Nilishika kipande kizito cha khaki.

"Hiyo ni jiwe. Dari ilianguka, bamba kubwa kama hii meza, ikafunika ule moto sawa kifuniko ya sufuria. Hakuna panya, hakuna muzizi, hakuna kitu imeingia tena. Juu ya jiwe bantu bengine bakakuja, bakakula makombe mpaka yakajaa. Lakini ule moto wa chini umelala palepale. Tulivunja jiwe siku nne. Mi mwenyewe niliutoa, na mwiko na brashi."

Makaa ya moto ule yalikuwa ndiyo roho ya kazi yote. Kule Ulaya wataalamu wamepata njia ya kupima makaa wakajua yana miaka mingapi tangu mti ulipokatwa. Wakipima yale, bwana angejua watu waliingia lini pangoni, na kwa hiyo bahari ilikuwa imekwisha kurudi nyuma wakati gani. Yaya alinieleza haya kwa sauti ya mtu anayesimulia kuhusu mwanawe aliyefaulu shule.

Mwaka ule Madame alinipa ahadi. Makombe mengi yalikuwa yanavunjika njiani kwa mitikisiko ya treni. Afadhali mchambuzi awe kulekule. Yeye mwenyewe angesafiri safari ijayo, na mimi ningesafiri naye, nilale chumba cha jirani na chake, Baba aridhike. Bwana akaandika barua ya kuniombea kibali cha kusafiri. Niliiona kwa macho yangu, jina langu limeandikwa kwa mashine, chini yake pameachwa nafasi ya sahihi. Aliiweka kwenye droo ya meza yake mpaka karibu na safari. Tangu siku hiyo nilipiga pasi magauni mawili kila Jumapili bila kuyavaa.

Baridi ikaingia. Wasiokaa Élisabethville hudhani sisi hatujui baridi. Waje wakae asubuhi ya Juni ndani ya kibanda cha matofali ambacho jua halikifikii, wachambue mifupa ya samaki kwa vidole. Nilimwomba Madame ruhusa ya kuingia na mbabula, jiko letu lile la bati lililotobolewa matundu. Alikubali. Makaa niliyatoa nyumbani, na ili nisichafue gauni nilijishonea mfuko wa kuyabebea kutokana na masalio ya amerikani ileile, kwa kipimo kilekile, mshono uleule. Mkono wangu ulikwisha kuzoea kipimo hicho, haukujua kingine.

Mwisho wa juma hilo makaa ya pango yangepelekwa Ulaya. Mifuko iliyotoka pangoni ilikuwa imepata unyevu, kwa hiyo niliagizwa nikaushe vitu vyake juu ya gazeti, nivitie katika mifuko mipya, kisha nishonee kila mmoja kijikaratasi chake. Nilikausha, nikatia, nikapanga mifuko mezani. Wa kwangu niliuweka chini, karibu na mguu wa meza. Nadhani niliuweka chini. Kichwa kilikuwa kinavuma kwa ule moshi usio na pa kutokea, mvumo mrefu unaokwenda na kurudi, na mimi mjinga nikafurahi nikisema hivi ndivyo bahari inavyosikika. Nikashonea vijikaratasi. Bwana akafungua mlango, akachukua mifuko, akaitia ndani ya mkebe, akauziba kwa risasi iliyoyeyushwa.

Asubuhi iliyofuata makaa yangu yalikataa kuwaka. Yalikuwa laini, yanavunjika vidoleni, na yalipoanza kushika yalitoa harufu ya udongo uliomwagiwa maji. Nikamlaumu muuza makaa wetu kwa matusi ambayo masista hawakunifundisha. Nikapuliza, nikapuliza. Mwishoni yakashika, yakatoa joto dogo, la upole. Nikaweka mikono juu yake.

Miezi ikapita. Mvua zikaja, mbabula ikarudi nyumbani, na ule mfuko ukatundikwa kwenye msumari jikoni bila kufuliwa, maana nani anafua mfuko wa makaa?

Barua kutoka Ulaya ilifika siku ya mvua kubwa. Niliisikia kwanza kwa sauti ya bwana ikitoka nyumba kubwa, kisha nikawaona kupitia dirishani: bwana yuko chini ya baraza na karatasi, Yaya yuko chini ya mvua na kofia mkononi. Sikusikia maneno. Nilisukuma mlango, nikakumbuka kufuli, nikarudi dirishani. Yaya alikuwa anatikisa kichwa, taratibu, mara nyingi, kama mtu anayekataa chakula.

Nyumbani alitueleza. Makaa ya tabaka la juu yalionekana ya kale, tena sana. Makaa ya moto wa chini, yaliyofunikwa na jiwe, yalionekana ya juzi. Barua ilisema mti wake huenda ulikatwa juzi tu.

"Bwana anasema jiwe haiwezi kudanganya," Yaya akasema. "Kwa hiyo ni mi minadanganya. Anasema nilichoka kuchimba, nikaokota makaa ya jiko ya mupishi wetu, nikatia ndani ya mufuko."

"Weye? Uliyevunja jiwe siku nne?" Wifi, mkewe, alikuwa na mimba ya miezi minane, na alisimama kwa shida. "Mi nilikusugua mugongo na mafuta mwezi mzima! Aje aulize mugongo!"

Yaya alijaribu kucheka. Bwana alikuwa amempa mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo angeandika kwenye kitabu chake cha kazi kwamba si mwaminifu, na nani angemwajiri mtu mwenye neno hilo? Asiye na kazi ofisi ya serikali humpa siku chache tu mjini, kisha humpandisha treni arudi kwao. Kwao wapi? Maniema hajaiona hata siku moja. Alizaliwa hapa, nyuma ya cherehani.

Mimi nilikuwa nimeshika sinia ya bukari, ugali wetu. Ya juzi, ya jiko. Ndipo nikasikia tena ile harufu ya udongo uliomwagiwa maji, na nikaona vidole vyangu vinavunja makaa laini kama mkate wa jana. Sinia sikuiangusha. Niliiweka mezani sawasawa, nikanawisha watu mikono, nikala hata mimi.

Siku nne sikusema.

Nataka kuziandika siku hizo nne kama zilivyokuwa, ingawa ni rahisi zaidi kuziruka. Kila asubuhi nilijiambia leo nitasema. Madame alifungua, nikaingia, akafunga, na nikishafungiwa nilijiambia sasa siwezi kusema mpaka saa sita. Saa sita ikafika, nikasema nile kwanza. Kufuli niliyoichukia ikawa kisingizio changu kitamu. Nikisema, nimepoteza kazi, nimepoteza barua iliyo kwenye droo, na treni, na maji mpaka macho yachoke. Nisiposema, Yaya anakwenda Maniema na mtoto asiyezaliwa bado. Nilichambua mchanga kijiko baada ya kijiko bila kuona kitu. Hata yule msichana wangu wa makombe aligeuka akanipa mgongo.

Siku ya nne jioni nilimkuta Wifi anafunga vyungu kwa majani makavu, kila chungu ndani ya kingine. Hakulia. Aliniuliza tu, "Dada, Maniema banasema mvua ni kila siku. Mutoto atapata nguo ya kukauka?"

Yaya alikuwa amekaa mlangoni anasafisha mwiko wake, ule uliolika upande mmoja kwa udongo wa pango. Alinipa.

"Chukua. Weye utaenda baharini na Madame, hawana neno juu yako. Ukifika chimba pole. Mwanzo wa tabaka utausikia hapa," akanigusa kifundo cha mkono.

Niliuchukua. Ulikuwa bado na joto la mkono wake.

Kesho yake sikungoja kufunguliwa. Nilikwenda moja kwa moja barazani, nikamkuta bwana anakunywa kahawa.

"Bwana, ni mi. Makaa mulipeleka Ulaya ilikuwa ya mbabula yangu. Mifuko ilikuwa sawasawa, nikakosea. Ya pango niliichoma."

Akaweka kikombe chini. Kisha akatabasamu, na tabasamu hilo liliniumiza kuliko kelele zote.

"Weye iko dada muzuri," akasema. "Dada muzuri anaweza kusema uongo juu ya kuokoa kaka yake. Mi sikasiriki. Enda kazi."

"Bwana, si uongo."

"Enda kazi, mutoto."

Madame akanishika bega kwa upole, akanipeleka kibandani, akafunga. Nilisikia kufuli ikibana. Hebu fikirini: nimebeba ukweli siku nne kama jiwe, nimeutua, na sasa nimefungiwa nao ndani, hakuna anayeutaka. Niligonga mlango. Nilipiga kelele, mimi ambaye sijawahi kupiga kelele kwenye nyumba ya mtu. Hakuja mtu. Nikakaa chini karibu na mguu wa meza, palepale nilipokuwa nikiweka mfuko wangu, na kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine nikaanza kuuwaza ule mfuko. Uko wapi? Msumarini, jikoni. Umefuliwa? Haujafuliwa. Ulishonwaje? Kama mingine, mshono wa kukunjwa mara mbili, ili hata vumbi lisivuje.

Hata vumbi.

Saa sita Madame alipofungua nilimpita mbio. Nilivuka mitaa ya wazungu kwa miguu, nikafika cité bila pumzi, nikanyofoa mfuko msumarini mbele ya macho ya Mama, nikageuza. "Weye mutoto, kuna mwizi?" Mama akauliza. Nilikuwa nimekwisha kutoka, Mungu anisamehe.

Niliuweka mfuko juu ya meza ya bwana, kando ya sahani yake.

"Leta mukasi, Madame. Tafadhali."

Mbele yao niliugeuza ndani nje. Nikakata uzi wa mshono wa kwanza, nikaufungua ule mkunjo taratibu juu ya karatasi nyeupe. Vumbi jeusi la makaa ya nyumbani likatoka kwanza. Bwana akaanza kuinuka. Nikaufungua mshono wa pili, wa kona ya chini, nikaugonga kwa kidole. Zikaanguka chembe za mchanga mwekundu, si nyingi, kiasi cha chumvi unachoshika kwa ncha za vidole. Ndani yake kipande cha kombe kidogo kuliko punje ya mchele.

Bwana akakaa. Akachukua kioo chake cha kukuzia, akainama mpaka pua ikagusa karatasi. Kisha akalamba kidole, akakibandika kwenye mchanga, akautia mdomoni. Mara hii Madame hakugeuza uso. Tulikaa wote tukimsikiliza anavyosaga kwa meno ya mbele. Hapa kwetu udongo mwekundu ni laini, unateleza kama unga. Ule ulilia menoni.

"Upepo ya bahari," akasema mwishoni, polepole. "Nyekundu ya chini. Chini ya jiwe." Akanitazama. "Mufuko hii ilikuwa na makaa yangu."

"Ndiyo, bwana."

"Na makaa sasa iko wapi?"

"Niliota moto, bwana. Ilikuwa baridi."

Niliogopa atanipiga. Hakunipiga. Alifunika macho kwa mkono, mabega yakatikisika, sikujua kama ni kicheko au kilio, na nadhani hata yeye hakujua. Kisha akavuta daftari lake.

"Iliwaka?"

"Iliwaka, lakini kwa shida."

"Moshi?"

"Kidogo. Harufu ya mvua."

"Joto?"

"Kidogo, bwana. Lakini joto muzuri."

Akaandika yote. Akaniuliza tena majivu niliyatupa wapi, nikamwambia nilisugulia sufuria ya Madame, na hilo pia akaliandika. Baada ya hapo akafungua droo, akatoa barua ile yenye jina langu, akaitazama, akaikunja mara mbili kama mshono, akairudisha ndani. Droo akaifunga kwa ufunguo.

Yaya aliitwa siku hiyohiyo. Bwana alimpa mkono mbele ya wapishi na watunza bustani, jambo ambalo wazungu wa hapa hawalifanyi hovyo. Wachimbaji wana desturi ya kuacha nguzo moja ya udongo bila kuigusa. Wanaiita shahidi, ili atakayebisha kesho aje aione mwenyewe. Chini ya jiwe, ndani ya shahidi huyo, nusu ya ule moto ilikuwa imebaki, na mtu wa kuikata bila kuichafua alikuwa Yaya peke yake. Angekwenda tena baada ya Pasaka.

Kwangu alikuja amenuna. Alikuwa na haki. Jioni nilimrudishia mwiko wake. Aliupokea, akaupima mkononi, akaniangalia kwa jicho la pembeni.

"Kwa hiyo weye njo muntu wa mwisho aliota ule moto," akasema. "Bantu ba zamani bakauwasha, jiwe ikaufunika, mi nikavunja mugongo kuutoa, weye ukapasha vidole."

"Ulikuwa mutamu, Yaya."

"Toka hapa, mwizi weye!" Lakini alikuwa anacheka, na Wifi nyuma yake alikuwa amekwisha kuanza kutoa vyungu kwenye majani, kimoja kimoja, akivigongesha makusudi ili tusikie.

Mtoto alizaliwa hapa mjini, wa kike. Yaya alikwenda, akarudi na makaa. Mifuko ilipelekwa Ulaya, na barua iliyokuja ilimfurahisha bwana hata akapita cité mwenyewe kumweleza Baba, ambaye hakuelewa neno, akamwambia hongera.

Kibandani siendi tena. Siku hizi humo kuna mwanamume, na hakuna kufuli. Mimi niko nyumba ya Baba, nyuma ya cherehani, kati ya ukuta na rundo la khaki. Baba husema hapa ndipo mahali pangu salama, naye husema kwa upendo, nami huitikia. Bwana ameendelea kuagiza mifuko kwetu, kwa sharti moja: kila mfuko wake uwe na mstari wa uzi wa buluu mdomoni, na uzi huo usitumike kwa kazi nyingine yoyote ya nyumba hii. Nimeuficha ndani ya kopo peke yake.

Jana nilimaliza mafungu ya safari ijayo. Yaya amekuja kuyachukua, mwanawe mgongoni mwa Wifi anavuta uzi wangu. Treni ni Jumanne. Mifuko itakwenda mpaka mlangoni mwa lile pango, itafunguliwa midomo upepo wa bahari ukivuma, itajaa, itafungwa, itarudi. Kabla ya kumpa, kila mmoja niliugeuza ndani nje, nikaukung'uta mara mbili juu ya karatasi nyeupe, nikatazama. Hakukuanguka kitu. Nikaugeuza tena, nikaupiga pasi.